Mifupa Iliyozidi

Usiku ule nililala nikiwa nimeridhika na nafsi yangu, na nalisema hili bila haya, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku yangu. Tulikuwa tunamhamisha Bibi. Barabara inayopanda kutoka Moshi kuja kwetu mlimani ilikuwa inapanuliwa, na kaburi la Bibi, mama yake baba, lilikuwa ukingoni mwa kihamba chetu, shamba la ukoo, pale migomba inapokutana na njia. Watu wa barabara walikuwa wamelichora alama nyekundu juu ya saruji. Greda lilishafika kwa jirani. Ilibidi mifupa yake itolewe, iwekwe kwenye sanduku, ikazikwe upya nyuma ya nyumba, na katika ukoo mzima mtu anayeijua mifupa alikuwa mmoja tu. Mimi.

Sijipi sifa ambazo si zangu. Niliondoka hapa nikiwa kijana mwenye begi moja la mgongoni. Durban nilifua mashuka ya hospitali. Mchana nafua, jioni nasoma, na hakuna mjomba wala usharika ulionichangia. Nikapata stashahada ya upigaji picha za mionzi. Nikaifanya kazi hiyo kule kule ugenini, nikaheshimiwa, kisha nikarudi na mashine yangu mwenyewe, na leo chumba changu cha picha pale mjini kina foleni kila asubuhi. Mtu akiteleza na mkungu wa ndizi begani akavunjika mguu, huletwa kwangu kwanza. Nimeona ndani ya watu wengi wa wilaya hii kuliko mchungaji.

Jioni yake, kabla sijalala, tulikaa kikao sebuleni kwa Mama. Baba mdogo Ndesario, mdogo wake marehemu baba, alikuwa na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi na vijana wawili wa kuchimba pembeni yake.

"Haya, Mangi wa mifupa," aliniambia, akinipa cheo cha machifu wetu wa zamani. "Tupe maelekezo. Sisi wengine tulisomea sururu."

"Sururu mtaitumia kwenye saruji tu," nikasema. "Baada ya hapo ni koleo dogo na mikono. Natandika turubai, naupanga mwili mzima, kuanzia fuvu mpaka kidole cha mguu, kila mfupa mahali pake. Hapa hatumrundiki mtu kwenye gunia kama walivyofanya kwa jirani."

"Na mimi nikifa, utanitambua kwa mfupa gani?"

"Taya, Baba mdogo. Litakuwa bado linatembea."

Wakacheka, hata yeye mwenyewe. Nikaendelea kuwaeleza, na niliona wananisikiliza kama watu wanavyosikiliza mtu anayejua. Mama alikuwa ameketi karibu na mlango akimenya ndizi za kupika asubuhi. Hakuwa amesema neno tangu kikao kianze.

"Aminieli," alisema bila kuinua macho. "Udongo mtauchekecha?"

"Hakuna haja, Mama. Jicho langu linatosha."

"Na vile vidogo?"

"Vidogo gani?"

"Vidogo tu."

"Vya vidole navijua vyote kwa majina, Mama. Mtu mzima ana mifupa mia mbili na sita. Nikiifikisha hesabu hiyo, nafunga sanduku. Kitakachozidi ni kokoto na mifupa ya mbuzi wa matanga. Kirudi shimoni, greda lipite juu yake."

Kisu cha Mama kilisimama kwenye ganda la ndizi. Kisha kikaendelea. Sikulitilia maanani. Nilikwenda chumbani, nikamkuta mke wangu Neema amelala na binti yetu Nuru ubavuni mwake. Nuru alikuwa bado wa kunyonya tu, hajaota hata jino. Nikalala upande wa ukutani, na usingizi ukanichukua kama mtu asiye na deni na yeyote.

Ndoto haikunibishia hodi. Nilikuwa kazini. Nilivaa aproni yangu nzito ya kuzuia mionzi, taa ya mlangoni ilikuwa inawaka, na kwenye benchi la nje kulikuwa na foleni ndefu. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyelalamika kwamba amechelewa. Hilo peke yake lilitosha kunijulisha kwamba haikuwa foleni ya watu wa kawaida, lakini ndotoni mtu hashangai. Nilifungua mlango nikamwita anayefuata.

Akainuka Bibi.

Alikuwa amevaa kitenge kile cha bluu ambacho watu husema alizikwa nacho, na udongo mwekundu ulikuwa umemfika kwenye vifundo vya miguu, mbichi, kama mtu aliyetoka shambani sasa hivi. Mikono alikuwa ameikunja kifuani, namna watu wanavyokaa wakisikia baridi. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. Alipita mbele yangu akaingia, na alipopita nilisikia harufu ya shimo jipya.

Nilimwambia apande kitandani alale chali, anyooshe mikono. Alipanda, akalala. Mikono hakuinyoosha. Nikasema moyoni kwamba wazee ndivyo walivyo, nikaenda nyuma ya ukuta wa kinga, nikabonyeza.

Picha ikaja. Sijawahi kupiga picha safi namna ile, na nimepiga nyingi. Niliuona mfupa wa paja, mrefu kuliko yote, ganda lake gumu likiwa jeupe pande mbili na katikati njia ya uboho ikiwa kijivu; kwenye vichwa vyake, juu na chini, niliona ule wavu wa ndani, mwepesi kama mkate, unaobeba uzito wa mtu bila kumlemea. Niliziona pingili za mgongo zimepandana. Niliziona mbavu, na nyonga pana, na pia za magoti zikiwa zimekaa kama visahani. Bibi mzima alikuwa pale. Lakini kifuani, kati ya mikono yake iliyokunjwa, kulikuwa na weupe mwingine. Ulikuwa mdogo, wenye ukungu, hauna mstari.

Mtu wa kazi yangu anajua weupe wa namna hiyo unatoka wapi. Mgonjwa akijongea wakati wa picha, mfupa wake huacha kivuli.

"Umetikisika, Bibi," nikasema. "Hapa kifuani pameharibika. Tunarudia."

Aligeuza uso akanitazama. Macho yake hayakuwa na hasira. Afadhali yangekuwa nayo.

"Si mimi niliyetikisika," akasema.

Nilirudi nyuma ya ukuta ili nibonyeze tena, na ukuta haukuwapo. Kitufe kilikuwa mkononi mwangu, lakini waya wake ulikuwa umeingia ardhini. Tulikuwa kihambani.

Ni mchana, ila ni mchana usio na jua wala ndege. Mwanga unatoka chini, kwenye udongo, na kuyapiga majani ya migomba kwa chini, na majani hayachezi. Saruji ya kaburi imeshavunjwa na shimo liko wazi. Turubai langu limetandikwa. Bibi ameketi kwenye kigoda kando ya shimo, na kati ya miguu yake kuna kikapu kilichofunikwa kitambaa. Anaingiza mkono mmoja kikapuni, ule mwingine bado umekunjwa kifuani, ananipa mfupa.

Naupokea, naujua. Naupanga.

Ananipa mirefu kwanza. Paja, muundi, mifupa miwili ya kigasha. Naieleza kwa sauti, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wageni kule Durban: huu mrefu ni wa kunyanyulia na kutembelea, tazama unavyopanuka mwishoni ili ushike kiungo. Ananipa mifupi ya kifundo cha mkono, ile inayokaa kama kokoto za mtoni, na naipanga safu mbili bila kukosea. Ananipa ya bapa, ile inayofunika na kulinda: wa bega, wa kifua, wa paji la uso. Ananipa pingili moja moja, zenye pembe zake, zisizofanana na kitu kingine chochote mwilini, na kila moja naiweka juu ya mwenzake. Mifupa yote ni myepesi. Mfupa wa mwanamke aliyezeeka huliwa ndani polepole huku nje ukibaki na umbo lake. Hata hilo nalieleza.

Natamani Baba mdogo awepo aone. Bibi yuko kwenye turubai kamili, ameenea, na Bibi yuko kwenye kigoda ananitazama, na mimi katikati yao nafanya kazi yangu. Mwishoni ananipa kile kifupa cha ndani ya sikio ambacho watu wengi hawajui hata kama kipo, kidogo kuliko punje ya mchele. Nakiweka kando ya fuvu.

"Mia mbili na sita," nasema. "Umekamilika, Bibi."

Anakinyanyua kikapu kwa mkono ule mmoja na kunipa. Nakipokea, na mikono yangu inashuka mpaka magotini. Ni kizito kuliko alipoanza.

Nafunua kitambaa. Chini kuna vitu vidogo, vingi, vya rangi ya chai ya maziwa. Nakichukua kimoja. Ni kijiti cha urefu wa kidole changu cha kati, kimepinda kidogo, na hakina vichwa. Mwisho wake mbaya, unakwaruza, kama kitu kilichokatwa kabla hakijamalizika. Nachukua kingine: kibapa chembamba kama ganda la yai, kingo zake zina meno yanayotafuta kingo nyingine.

"Ni mbuzi," nasema. "Wa matanga."

Bibi anautazama mkono wangu.

Nakirusha kile kijiti migombani. Hakikutoa sauti ya kuanguka. Badala yake, nyumbani, ndani ya chumba changu, Nuru akalia.

Kilio kilikuwa kifupi, kimoja, kisha kikakatika. Nikatega sikio. Kimya. Mkono wangu ukachukua kingine kikapuni, na naapa sikuutuma. Ukakirusha. Nuru akalia tena, na safari hii kilio kilitoka mbali zaidi, upande wa barabara. Nikaushika mkono wangu kwa mkono mwingine. Vidole vilikuwa vinaendelea kutafuta ndani ya kikapu, vikichagua, vikitupa, kama nilivyoagiza mwenyewe mbele ya watu, na kila kipande kilichoondoka kilimwondoa mtoto hatua moja nyumbani kwangu.

Nilikimbia. Migomba ikapita. Nikasukuma mlango wa chumbani.

Bibi ameketi kitandani. Neema amelala kando yake, amempa mgongo, anapumua kwa amani kama hakuna mtu. Nuru yuko mapajani kwa Bibi. Mkono ule uliokuwa umekunjwa sasa umefunguka, na kiganja chake kimefunika utosi wa mwanangu, pale juu ya kichwa ambapo mifupa bado haijakutana na ngozi hucheza kwa mapigo. Naona kiganja kinapanda na kushuka. Kinapanda, kinashuka.

"Bibi, mrudishe kitandani."

"Huyu bado hajafungwa," anasema, anamtazama usoni. "Pako wazi hapa. Mtu anaweza kuingia, mtu anaweza kutoka."

"Ni mtoto wa mjukuu wako, Bibi. Ni damu yako."

"Najua ni nani." Anainuka naye. "Mnanihamisha kesho. Mimi nilipewa mtoto nimshike. Mikono yangu imeshazoea uzito, Aminieli. Sihami mikono mitupu."

Nikamshika kitenge. Kikabaki mkononi mwangu kama udongo mkavu, kikamwagika.

Sasa ni barabara. Lami mpya, nyeusi, imepita juu ya migomba, juu ya shimo, juu ya turubai langu, na bado ina joto. Niko peku. Nyumba yetu iko upande ule na mimi niko katikati, na chini ya nyayo zangu kitu kinagonga. Si kwa nguvu. Kinapanda, kinashuka. Napiga magoti na kuweka kiganja kwenye lami, na mapigo yako pale, yale yale niliyoyaona chini ya mkono wa Bibi. Kutoka juu ya mlima unasikika mngurumo wa greda linaloshuka.

Bibi amesimama ukingoni mwa barabara, Nuru begani.

"Hesabu," anasema.

Mbele ya magoti yangu kuna vile vidogo vyote, hata nilivyovitupa, vimetandazwa juu ya lami. Nikaanza kuhesabu. Hesabu naijua. Nafika mia. Naipita mia mbili. Naipita mia mbili na sita, na vidogo bado viko, na greda linakaribia.

"Imezidi," nasema.

"Imemzidi nani?"

"Hakuna mtu mzima mwenye mifupa mingi namna hii."

Anangoja. Namjua mwalimu anapongoja. Na jibu ninalo. Nilijifunza nikiwa na mikono yenye malengelenge ya sabuni, usiku wenzangu wamelala, na sikuwahi kulisahau.

"Mtoto mchanga," nasema. "Mtoto huzaliwa na mifupa karibu mia tatu. Ni mingi kuliko ya baba yake, kwa sababu haijaungana. Fuvu lake ni vipande vinavyopishana ili kichwa kipite. Nyonga yake ni vipande. Mfupa wake wa paja ni kijiti tu. Vichwa vyake bado ni gegedu laini, na pale gegedu inapokutana na kijiti ndipo mfupa unapokua, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Akifika utu uzima ule mstari hufunga. Vipande hushikana. Hesabu inapungua mpaka ibaki ile ya mtu mzima. Mifupa ikiwa mingi hivi, basi mwenye mifupa hakukua."

Nilijibu vizuri. Hata ndotoni nilijua nimejibu vizuri. Kisha nikainamisha macho kwenye lami, nikaona nilichokuwa nakieleza: kijiti cha paja kisicho na vichwa, vibapa vya fuvu visivyofikiana, mbavu nyembamba kama njiti. Havikuwa vya mbuzi. Havikuwa kivuli cha mgonjwa aliyetikisika. Alikuwa mtu, na alikuwa katika mikono ya Bibi tangu mwanzo.

Bibi akavuka. Hakutembea, alikuwa kule na sasa yuko hapa. Uso wake uko karibu na wangu na pumzi haitoki.

"Mwambie mama yako," anasema, "sijamweka chini hata mara moja."

Greda likawa juu yetu. Nikanyoosha mikono kumpokea Nuru, na sikujua kama nimempata.

Niliamka nimekaa, mikono mbele. Dirisha lilikuwa limeanza kuwa jeupe. Nuru alikuwa ubavuni mwa mama yake, yuko macho, hatoi sauti, ameukazia mlango macho kama watoto wanavyomtazama mtu aliyetoka chumbani sasa hivi. Nikaweka kiganja juu ya utosi wake. Kilipanda, kikashuka.

"Baba Nuru," Neema akaniita kwa sauti ya usingizi. "Mbona umekaa hivyo?"

"Mshike mtoto," nikasema. "Usimlaze peke yake mpaka nirudi."

Alimvuta kifuani.

Mama alikuwa jikoni, moto umeshashika, sufuria la ndizi liko juu ya mafiga. Sijui kama alikuwa amelala. Nilisimama mlangoni.

"Nimemwota Bibi," nikasema.

"Alikuwa mikono mitupu?"

Katika maswali yote ambayo mtu angeweza kuuliza, aliuliza hilo.

"Hapana. Amebeba. Amenituma kwako. Anasema hajamweka chini hata mara moja."

Mama aliuchukua mwiko, akaurudisha. Akaketi kwenye kigoda, taratibu, kama anayeogopa kigoda hakipo. Hakulia. Alikuwa anautazama moto.

"Alikuwa wa kiume," alisema. "Anakufuata wewe. Ulikuwa umepelekwa kwa shangazi yako kabla hajazaliwa, ulikuwa mdogo, uliporudi hukuambiwa. Bibi yako alikuwa ndiyo kwanza amezikwa. Mtoto akashikwa na homa siku mbili. Alikuwa hajaota meno, na kwetu wakati ule mtoto asiye na meno hakuliliwa. Wanawake walimchukua, wakamzika migombani, hakuna mchungaji, hakuna alama, na mwaka unaofuata mtu analima papo hapo." Alivuta ukuni mmoja nyuma. "Sikutaka alimwe. Usiku ule ule nilimtoa. Kaburi la bibi yako lilikuwa bado udongo laini, baba yako hajaweka saruji. Nilichimba kwa mikono. Nikamlaza kifuani kwake, nikamwambia, 'Mama, nishikie huyu.'"

"Baba alijua?"

"Hakuna aliyejua. Ilipowekwa saruji nilifurahi. Nikasema sasa hakuna jembe litakalomfika."

Nilitaka kumuuliza kwa nini hakusema jana, mbele ya kikao, nilipokuwa nagawa amri. Nadhani aliliona swali.

"Jana mlikuwa mnacheka," akasema. "Nikawa natafuta pa kuingilia."

Nje nilisikia vijana wa kuchimba wanafika, na sauti ya Baba mdogo akiwatania kuhusu mbege ya jana. Chuma kikagonga saruji mara moja, kwa kujaribu.

Nilichuchumaa mbele ya Mama. Kuna jambo ilibidi nimwambie, na ni jambo la taaluma yangu, sikuweza kumficha.

"Mama, mifupa ya mtoto ni laini. Sehemu kubwa ni gegedu, na gegedu huoza kama nyama. Na udongo wa mlima huu unakula. Bibi nitamkuta. Yeye sijui. Inawezekana nisikute hata kimoja."

"Pale alipolala patakuwepo?"

"Patakuwepo. Udongo wake utakuwa na rangi nyingine."

"Basi huo udongo ni yeye," Mama akasema. Akasimama, akajifunga khanga kiunoni.

Tulitoka pamoja. Baba mdogo alikuwa ameshavua koti, na kijana mmoja amenyanyua sururu. Nilimwambia aishushe. Niliwaambia kwamba kuanzia kwenye saruji kwenda chini, hakuna chuma. Nitashuka mimi, kwa vidole, na udongo wa kifuani hautatupwa hata kiganja kimoja, utachekechwa wote, na ule wenye rangi nyingine utaingia sandukuni kama ulivyo. Niliwaambia leo tunahamisha watu wawili.

Baba mdogo akanitazama machoni kama anayetafuta dalili ya pombe.

"Wawili? Mwanangu, humu nilimshusha mama yangu mimi mwenyewe, kwa kamba. Alikuwa peke yake. Huyo wa pili katoka wapi?"

Nilikuwa na maelezo tayari, marefu, ya mifupa mingapi na kwa nini. Mama alinishika mkono, akapita mbele yangu mpaka ukingoni mwa kaburi, akaketi chini kwenye nyasi upande wa kifuani. Kwenye barabara greda liliwashwa.

"Ni mwanangu," akasema. "Chimbeni polepole."